Leseni ya Lori la Farasi Uingereza: Anza na Kibati cha Uzito

Kwenye mazizi ya Uingereza, kuanzia yale ya farasi wa mbio kule Newmarket na Lambourn hadi shamba la familia yenye farasi wawili watatu, saisi anayeweza kuendesha lori hakosi kazi kirahisi. Kumtandika farasi na kumpiga brashi wanajua wengi. Kumpakia alfajiri, kumfikisha mashindanoni bila kutokwa jasho la woga na kumrudisha usiku akiwa mzima ni kazi nyingine, na sheria imeiwekea leseni yake. Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi England, Wales au Scotland na unataka kutoka kwenye gari dogo uende kwenye lori la farasi. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake na fomu zake.

Wengi huanza kwa kutafuta chuo cha udereva. Mimi nakushauri uende kwanza kwenye lori lenyewe, ufungue mlango wa kabini na utafute kibati cha uzito. Hapo imeandikwa namba ya uzito wa juu kabisa ambao gari hilo linaruhusiwa kuwa nao barabarani: bodi, mafuta, dereva, matandiko, maji na farasi, vyote kwa pamoja. Namba hiyo ndiyo inayoamua leseni yako. Haijalishi leo umepakia farasi watatu au hukupakia hata mmoja. Lori la tani 7.5 likiwa tupu bado ni lori la tani 7.5 mbele ya polisi.

Leseni ya kawaida ya gari, yaani daraja B, inaishia kilo 3,500. Kutoka hapo hadi kilo 7,500 unahitaji daraja C1. Ukivuka 7,500 ni daraja C, na ukifunga nyuma ya lori tela linalozidi kilo 750 unahitaji pia herufi E. Waliofaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 papo hapo pamoja na B. Ndiyo maana bosi wako mwenye umri mkubwa anaweza kuwa ameendesha lori la tani 7.5 maisha yake yote bila kulifanyia mtihani, na kwa nia njema kabisa akakurushia ufunguo akidhani na wewe unaruhusiwa. Geuza kadi yako ya leseni usome madaraja yaliyoandikwa nyuma. Kama C1 haipo, rudisha ufunguo, kwa sababu kuendesha gari ambalo leseni yako hailiruhusu kunaweza kuivuruga hata bima.

Sasa piga hesabu ambayo wauzaji wa magari hawapendi uipige. Yako magari ya farasi ya kilo 3,500 yanayotangazwa kwamba yanabeba farasi wawili na leseni ya kawaida inatosha. Chukua moja ambalo likiwa tupu lina kilo 2,400. Zimebaki 1,100. Dereva kilo 80, mwenzako 70, tangi la dizeli 65, maji ya kunywesha 50, matandiko, mablanketi na majani makavu 60. Umebakiwa na 775. Farasi wa mashindano aliyekomaa ana kilo 550 au 600, na wenye miili mikubwa hupita hapo. Wa kwanza ameingia, wa pili hana nafasi, ingawa kizigeu kipo na mlango unafungika. Maofisa wa DVSA, wakala wa serikali unaosimamia mitihani ya udereva na ukaguzi wa magari, wanaweza kukusimamisha na kukupeleka kwenye mizani. Ukikutwa umezidisha unapigwa faini, na ukizidisha sana unapelekwa mahakamani. Dereva hawezi kujitetea kwamba mwenye gari ndiye aliyepakia.

Hesabu hiyohiyo inaliandama lori la tani 7.5, hasa lenye chumba cha kulala, jiko na bafu mbele. Bodi ya namna hiyo huweza kufikisha tani 5.5 au 6 kabla hujaingiza farasi hata mmoja, kwa hiyo lori lenye vizigeu vya farasi wanne linaweza kuruhusiwa kubeba wawili tu, au watatu kwa taabu. Hapa natoa ushauri wangu bila kuficha. Kama una miaka 21 na zaidi, usisomee C1, nenda moja kwa moja kwenye C. Daktari ni yuleyule, fomu ni zilezile, mtihani wa nadharia ni uleule. Tofauti iko kwenye ukubwa wa lori utakalojifunzia, na atakayefaulu C anapata na C1 humohumo. Chini ya miaka 21, C1 inaanzia miaka 18. Na C pia unaweza kuipata ukiwa na miaka 18 kama una cheti cha dereva wa kazi ninachokieleza hapa chini, au unakisomea.

Na kama una farasi mmoja wa kwako, pengine huhitaji lori hata kidogo. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari lake lina uwezo wa kulivuta. Hata hivyo tafuta mtu akufundishe kurudi nyuma na tela. Sheria imeondoa mtihani, ugumu wa kazi uko palepale.

Je, unaendesha kwa kazi?

Jibu swali hili kabla hujalipa senti yoyote. Anayebeba farasi wake mwenyewe kwa mapenzi yake, bila biashara, anahitaji leseni tu. Anayeendesha kama sehemu ya ajira, au anayelipwa kusafirisha farasi wa watu, anahitaji pia cheti cha umahiri wa dereva wa kazi, kinachojulikana kote kwa herufi CPC. Saisi uliyeajiriwa, jihesabu upo kundi la pili hadi upate jibu la maandishi linalosema vinginevyo. Kukamatwa bila cheti hicho kunaweza kukugharimu hadi pauni 1,000.

CPC inaongeza mitihani miwili juu ya ile ya leseni. Mmoja ni wa maswali kwenye kompyuta kuhusu mikasa ya kazini, na ada yake ni pauni 23. Mwingine, wa pauni 55, ni wa kuonyesha kwa mikono: unalizunguka lori ukilikagua, unaeleza namna ya kufunga mzigo usisogee, namna ya kuzuia watu kujificha ndani ya gari, na la kufanya ikitokea dharura. Baadaye unatakiwa kuhudhuria saa 35 za mafunzo kila baada ya miaka 5. Kwa saisi mwenye mshahara mdogo huo ni mzigo, kwa hiyo mwombe mwajiri aulipie, na uombe kabla hujaanza kuendesha. Ukishakuwa dereva wao wa kila wikiendi, maneno yako hayana nguvu tena.

Biashara inaleta na mengine. Lori la zaidi ya kilo 3,500 linalotumika kibiashara linahitaji leseni ya mwendeshaji, ambayo ni juu ya mwenye mali. Kuna takografu, chombo kinachoandika saa zako za usukani: baada ya saa nne na nusu za kuendesha, upumzike dakika 45. Lori lisilozidi tani 7.5 linalobeba farasi bila biashara limesamehewa takografu. Na anayesafirisha farasi kibiashara zaidi ya kilomita 65 anahitaji kibali cha msafirishaji wa wanyama, na dereva awe na cheti cha kumudu wanyama safarini. Ukiona mwajiri hajui lolote kati ya haya, fikiri mara mbili kabla ya kumwendeshea.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakuruhusu kuendesha gari dogo Uingereza kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko. Haibadilishwi kuwa ya Uingereza. Wenye leseni ya Falme za Kiarabu hubadilishiwa, lakini kwa gari dogo na pikipiki tu. Hata kama umeendesha semitrela kutoka Mombasa hadi Malaba miaka nenda rudi, utaanza na leseni ya kujifunzia, ufaulu mtihani wa gari dogo, ndipo uombe lori. Inauma, na ninaelewa kwa nini. Lakini uzoefu huo haupotei: utamaliza mafunzo haraka kuliko wenzako ambao hawajawahi kuona mkia wa gari lao ukiwa mbali hivyo kwenye kioo.

Jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wameshalipa: tangu Aprili 2014 hakuna mkalimani kwenye mitihani hii, wa nadharia wala wa barabarani. Maswali ni ya Kiingereza, au Kiwelisi. Unaweza kuomba kusomewa maswali kwa vifaa vya masikioni, na mwenye shida ya kusoma anaweza kuombewa muda zaidi. Kama Kiingereza chako ni cha kuongea tu, nunua kitabu cha maswali ya madereva wa malori mapema na usome kwa sauti, ukiandika pembeni Kiswahili cha kila sehemu ya gari. Miezi miwili ya jioni namna hiyo ina faida kuliko siku moja ya ziada kwenye lori.

Daktari, fomu na nadharia

Leseni zinatolewa na DVLA, yenye makao yake Swansea. Unaomba nyongeza ya kujifunzia lori kwenye leseni yako kwa fomu mbili: D2, ambayo ni maombi yenyewe, na D4, ambayo ni ripoti ya daktari. DVLA hawatozi ada kwa nyongeza hii. Pesa inakwenda kwa daktari. Si lazima awe daktari wa zahanati uliyosajiliwa, na wapo madaktari wanaofanya kazi hii kwa bei nafuu kuliko wengine, kwa hiyo uliza sehemu mbili tatu. Ripoti hiyo inakubalika kwa miezi minne tangu daktari aitie sahihi, basi usiikalie.

Macho yanapimwa kwa ukali kuliko ya dereva wa gari dogo. Jicho zuri lifikie 6/7.5 na lile jingine lisipungue 6/60, na miwani inaruhusiwa. Shinikizo la damu likifika 180/100 ukiwa umetulia, hupewi leseni hadi lishuke na lidhibitiwe. Kisukari cha kujidunga insulini hakifungi mlango, ila kina masharti. Kifafa ndicho kigumu zaidi: inatakiwa miaka 10 bila degedege na bila dawa. Kama unakoroma usiku na kusinzia mchana, mwambie daktari. Kukosa pumzi usingizini kunatibika na watu hurudi usukanini. Kuwaficha DVLA ugonjwa ni kosa la faini ya hadi pauni 1,000, na ukiua mtu barabarani utakuwa na kesi nzito zaidi ya hiyo.

Leseni ya kujifunzia ikifika, unafanya nadharia. Sehemu ya kwanza ni maswali 100 kwa saa 1 na dakika 55, na unatakiwa upate 85. Ada ni pauni 26. Sehemu ya pili ni video 19 za barabarani ambamo unabofya mara tu unapoona hatari inaanza kujitokeza. Hapo unatakiwa pointi 67 kati ya 100, kwa pauni 11. Wazoefu huanguka kwenye video kwa sababu wanaona hatari mapema mno na kubofya kabla mfumo haujaanza kuhesabu. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya video hizo hadi uzoee wakati unaotakiwa. Kufaulu huko kunadumu miaka miwili, na ndani yake uwe umemaliza barabarani.

Uwanjani na barabarani

Mtihani wa vitendo una sehemu mbili, na ya uwanjani ni lazima uifaulu kwanza. Unaweza kuifanyia kwenye chuo chenye kibali. Kazi ni kurudi nyuma kwa njia iliyopinda kati ya koni hadi ndani ya kizimba, na kusimamisha mkia wa lori mahali palipochorwa. Anayezoea gari dogo huangalia mahali anapotaka kufika. Wewe angalia tairi la nyuma kwenye kioo cha upande unaopindia, kwa sababu kila kitu kinazunguka hapo. Zungusha usukani kidogo, subiri lori liitike, kisha sahihisha. Wanaofeli wengi wamezungusha mara mbili kabla lori halijajibu mara ya kwanza.

Sehemu ya barabarani inasimamiwa na mtahini wa DVSA, huchukua kama saa nzima, na ada yake siku za kazi ni pauni 115. Unaulizwa maswali ya usalama wa gari, kisha mnatoka. Makosa madogo yakizidi 15 umefeli, na kosa kubwa moja linatosha kukufelisha. Uingereza imejaa vipilefti, na huko ndiko lori linakoumbua watu: mkia unakata kona kuingia ndani huku mbele kukiwa tayari kumepita, na baiskeli iko kushoto kwako. Lori la mtihani wa C ni la tani 12 au zaidi na hubebeshwa mzigo, kwa kawaida matangi ya maji. Vyuo vingi vina malori ya gia za otomatiki. Ukifaulu nalo, na leseni yako ya gari dogo ni ya gia za mkono, utaruhusiwa malori ya aina zote mbili.

Mzigo unaopumua

Mitihani yote hiyo haikufundishi jambo moja: maji kwenye tangi hayaogopi. Farasi haoni barabara, hajui kona inakuja, na takriban asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Ukikanyaga breki ghafla anasukumwa mbele bila onyo. Akifanyiwa hivyo mara mbili tatu, siku nyingine atakataa kupanda na mtamwita mkorofi. Endesha kama mwenye ndoo ya maji kichwani: punguza mwendo kabla ya kona, pita kona kwa spidi moja, na usiongeze mafuta hadi lori limenyooka kabisa. Kabla ya kupakia farasi yeyote, chukua lori tupu uende nalo njia ileile utakayopita. Kisha mwombe mwenzako asimame ndani ya banda la nyuma, uwanjani kwenu na si barabarani, ujaribu kusimama na kuondoka polepole. Atakueleza kile ambacho farasi hawezi kusema.

Ukaguzi wako wa asubuhi uwe na vitu viwili ambavyo dereva wa mizigo ya kawaida havimsumbui sana. Cha kwanza ni sakafu. Inua mkeka wa mpira, piga magoti, uguse kwa mkono na uchome mbao kwa bisibisi. Mkojo wa farasi unaozesha mbao na kuila aluminiamu kimyakimya, na mguu ukipenya sakafu lori likiwa kwenye mwendo, hakuna daktari wa mifugo atakayekusaidia. Cha pili ni umri wa matairi. Malori ya farasi hulala msimu mzima, kwa hiyo tairi huonekana jipya huku limekauka. Tafuta ubavuni namba nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 0914 ni wiki ya 9 ya mwaka 2014. Tangu tarehe 1 Februari 2021, tairi la zaidi ya miaka 10 haliruhusiwi mbele kwenye malori ya zaidi ya kilo 3,500.

Pima urefu wa lori kwenda juu. Likizidi mita 3, sheria inataka urefu huo uandikwe kabini mahali unapouona ukiwa umekaa. Ramani ya simu haijui urefu wako, na madaraja ya reli ya zamani yako kila mahali. Kwenye barabara ya njia moja kila upande mwisho ni maili 50 kwa saa. Scotland, lori la zaidi ya tani 7.5 ni maili 40. Kwenye barabara kuu yenye njia tatu, ile ya kulia kabisa si yako.

Pasipoti za farasi ziwe ndani ya gari, kila farasi na yake. Mfunge kwa uzi mwepesi wa robota unaokatika akijivuta, wala usimfunge kwa kamba ngumu. Ukiharibikiwa kwenye barabara kuu usiwateremshe farasi kwa sababu tu wanapiga mateke. Waache ndani, piga simu, na uwateremshe pale tu kukiwa na hatari kubwa kuliko ya kuwateremsha, kama moto. Hakikisha mapema kwamba huduma yako ya kuvuta magari inakubali lori lenye farasi hai, maana nyingi hukubali lori na kukataa farasi.

Leseni utakayopata ni ya miaka 5. Ukifika miaka 45, kila unapoihuisha unarudi kwa daktari na fomu ya D4, na kuanzia miaka 65 unafanya hivyo kila mwaka. Weka tarehe ya kuisha kwenye simu miezi mitatu kabla, kwa sababu msimu wa mashindano hausubiri bahasha kutoka Swansea.